Kushoto kwa Tangi

Ile nguzo ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Ilikuwa Septemba, safari ya chama cha watazama ndege, kwenye kinamasi kilichoko nyuma ya mashamba ya machungwa pale Leeton. Watu wamejipanga juu ya tuta, darubini shingoni, kamera zina lenzi ndefu kama mabomba ya maji, kimya kabisa, nzi tu ndio wanaongea. Mara Noelene Pascoe akanyoosha mkono, sauti ikamtoka: "Ngojamaliko! Matete ya kushoto, kasimama wima, mdomo juu!"

Wee! Lenzi zote zikageuka kwa pamoja. Watu wakazuia pumzi. Halafu mmoja akakohoa. Halafu mwingine akacheka kwa puani.

Ilikuwa nguzo. Nguzo ya uzio wa zamani, imeoza, imepinda kidogo, na juu yake kimebaki kipande cha waya.

Kabla hawajafika kwenye magari, picha ya nguzo ilishaingia kwenye grupu la chama na maneno chini yake: "Ngojamaliko dume, mkubwa, mtulivu sana." Vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi vikajipanga hadi kidole kinachoka kuvishusha. Na aliyeiweka si mtu baki. Ni Glenys Hargreave, mwenyekiti wa chama, rafiki wa Noelene wa miaka na miaka. Kuanzia siku hiyo Noelene akawa Mama Nguzo. Dukani Mama Nguzo, posta Mama Nguzo. Mpaka anayeuza mikate, ambaye hajawahi kushika darubini maishani mwake, naye Mama Nguzo.

Sasa ungesema utani tu, upite. Lakini hawa watu mchezo wao hauna refa. Mmoja akimwona ndege, wenzake wanamuuliza, "Unaye?" na yeye anajibu "Ninaye" au "Sina". Basi. Hakuna anayekagua. Ukisema unaye, unaye. Ndiyo maana jina baya kuliko yote kwao ni mpika ndege, yaani mtu anayepika ndege ambao hawakuwepo. Mpika ndege hafukuzwi chamani. Anapewa chai kama kawaida, biskuti kama kawaida, ila siku akisema nimeona kitu fulani, watu wanatikisa kichwa kwa adabu na kuanza kuongelea mvua.

Kutoka Mama Nguzo mpaka mpika ndege ni pua na mdomo. Noelene alilijua hilo.

Kitu ambacho hakuna aliyekijua ni jicho.

La kushoto lilishaondoka mwaka juzi. Halikupofuka lote. Pembeni linaona, katikati hapana. Katikati kuna doa, kama mtu kapaka grisi kwenye kidole gumba akakibandika kwenye kioo cha dirisha. Ukimwangalia mtu usoni unaona masikio na nywele, uso haupo. Na sasa la kulia nalo lilikuwa limeanza. Daktari wa macho kule mjini Griffith alikuwa anamchoma sindano, ndani ya jicho lenyewe, ndiyo, ndani, na alimwambia bila kuzunguka: sindano zinachelewesha tu. Baridi ikiingia, la kulia litakuwa kama la kushoto.

Kwa hiyo ile nguzo ilikuwa na mdomo kabisa. Yeye aliuona.

Na kati ya ndege wote wa majini wa upande ule, aliyebaki hajamwona ni huyohuyo. Kwarara, yangeyange, wanandi, kukuziwa wa zambarau, bata wa kila namna, wote alishawapiga picha, tena picha za maana, kalenda ya chama kila mwaka haikosi ya kwake. Ngojamaliko ndiye aliyemshinda. Ni jamaa wa koikoi, mnene, shingo nene, ana michirizi ya kahawia na manjano kuanzia kooni mpaka tumboni, rangi ya majani makavu hasa. Akishtuka hakimbii. Anasimama wima, mdomo juu, anageuka kuwa tete. Upepo ukipita, matete yakayumba, na yeye anayumba. Haya, mtafute huyo na jicho lenye doa!

Kumsikia alishamsikia mpaka basi. Dume lake linaunguruma alfajiri kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa kubwa, na nyumba ya Noelene iko ukingoni mwa majaruba ya mpunga. Anaanika nguo, anamsikia. Anakaanga mayai, anamsikia. Kuna mwaka, enzi hizo akiendesha basi la shule, ngojamaliko alivuka barabara mbele ya basi, watoto wote wakarukia madirisha ya kulia wakipiga kelele, "Bi Noelene, ona! Ona!" Yeye alikuwa anaangalia barabara. Ndiyo kazi ya dereva. Watoto basi zima walimwona, yeye hakumwona.

Ukutani kwenye ukumbi wa chama kuna ubao. Kila mwanachama siku akimpata ngojamaliko wake wa kwanza, anatundika picha moja. Noelene ndiye aliyeupigilia misumari ubao ule, na nafasi yake ilikuwa bado wazi, kati ya picha ya Glenys na ya mfamasia. Tena si lazima ndege atoke vizuri. Wengi wametundika kivuli tu, au matako ya ndege anayepotelea majanini. Sharti ni moja: uwe umemwona kwa jicho lako, pale pale, ukijua unamwona. Ukija kumgundua nyumbani kwenye kompyuta, kajificha kwenye kona ya picha, huyo wanamwita ndege wa kioo, hahesabiki. Kuna bwana alitundika ndege wa kioo, akakiri mwenyewe wiki iliyofuata, na Glenys akamwambia aje ambandue.

Basi. Januari, joto la kuyeyusha lami, Noelene yuko jikoni kwa Glenys wanamenya maharagwe mabichi, simu ya Glenys ikalia. Glenys mikono ina maji, akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Glenys, njooni mchukue kuku wenu." Alikuwa Aldo Ceravolo, mkulima wa mpunga, sauti yake siku zote kama anaongea na mtu wa ng'ambo ya mto.

"Kuku gani, Aldo?"

"Huyo wenu wa kujifichaficha. Yuko jaruba la tangi. Kila asubuhi yupo, anakula vyura wangu."

"Vyura wako? Unawafuga?"

"Wako kwenye maji yangu. Maji nayalipia mimi. Vyura ni wa nani?"

"Aldo, umemwona sawasawa? Isije ikawa nguzo." Glenys akamkonyeza Noelene. Noelene akaendelea kumenya.

"Sawasawa ipi tena, mama? Jana nimempita na pikipiki, kasimama ananiangalia, namwangalia. Nikamsalimia Kiitaliano. Kimya. Nadhani asili yake Veneto huyo, kule kaskazini kwetu, wale ndio hawaitikii salamu."

Noelene akalivunja haragwe vipande viwili. Maisha yake yote ukingoni mwa majaruba, na Aldo, mtu ambaye kwake ndege wote ni kuku, wengine warefu wengine wafupi, anampita tu na pikipiki na kumsalimia.

"Jumamosi alfajiri," Glenys akasema, akifuta mikono. "Tunaenda na gari langu. La kwako bado linalia?"

"Bado. Huko chini chini."

"Peleka kwa fundi, shoga."

"Nitapeleka."

Gari lilikuwa zima kabisa. Noelene alikuwa ameacha kuendesha tangu siku alipopita kwenye alama ya kusimama bila kuiona, na hakuwa amemwambia mtu.

Jumamosi wakaingia shambani kwa Aldo jua likiwa bado halijatoka vizuri. Mpunga umefika kiunoni, kijani mpaka macho yanauma, maji chini yake yanang'aa vipande vipande. Mbele ya jaruba kuna tangi la maji juu ya miguu yake ya chuma, na kando ya tangi kichaka cha matete kilichobaki pale mfereji unapoingilia. Kasuku wa waridi wakapita juu, kundi zima, wanagombana kama watu wanaotoka harusini.

Glenys akalitambaza gari juu ya tuta polepole mpaka usawa wa matete, akazima injini. Kuanzia hapo sheria ni moja: hakuna kufungua mlango. Ndege haogopi gari. Gari kwake ni ng'ombe fulani wa ajabu. Ila mguu wa mtu ukigusa ardhi tu, umeaga. Kwa hiyo unapiga picha dirishani, chai unanywa humohumo, chafya unaimeza, na haja nyingine zote zinasubiri. Glenys alikuwa na kifuko chake alichoshona mwenyewe, kimejaa mchele wa Aldo, anakilaza juu ya dirisha na kuegemeza lile bomba lake la lenzi. Noelene yuko kiti cha nyuma, dirisha la upande uleule, naye na kamera yake.

Wakakaa. Nzi wakaingia, wakajitafutia nafasi.

"Hivi umeleta ile keki?" Glenys akanong'ona.

"Nimeleta."

"Ya ndimu?"

"Angalia majani wewe."

Jua likapanda kidogo. Mwewe wa majini akapita chini chini juu ya mpunga, bata wakatawanyika, wakarudi. Noelene alikuwa anaangalia kichaka cha matete, na kichaka chenyewe kila alipokilenga kilikuwa kinayeyuka katikati. Akisogeza jicho, doa nalo linasogea. Linamfuata kama mbwa wa jirani.

"Ninaye," Glenys akasema.

Hakuisema kwa nguvu. Mtu anayejua hapigi kelele. Halafu kamera yake ikaanza, trrr, trrr, trrr.

"Ninaye ninaye ninaye. Oo, mzuri jamani, mzuri. Noelene, ukingo wa matete, pale yanapokutana na mpunga. Kasimama. Unaye?"

Noelene akalenga. Ukingo wa matete. Doa.

"Unaye?"

"Subiri."

"Kuna tete limevunjika limelala, unaliona? Njoo kulia kwake kidogo tu. Mdomo uko juu. Michirizi yote hiyo, shoga, utasema kapakwa kwa brashi. Unaye?"

Akajaribu kwenye kamera. Kamera ikawa mbaya zaidi. Ndani ya kamera kuna kile kiboksi chekundu cha kulenga, na kiko katikati, na katikati ndiko kusikokuwa na kitu. Akashusha kamera. Akafumba jicho la kushoto. Akafumba la kulia. Mpunga, matete, weupe wa maji, na katikati kidole gumba chenye grisi.

"Noelene. Unaye au huna?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Neno lenyewe moja tu. Ninaye. Glenys ameshamwona, ndege yupo, picha zipo, hakuna wa kupinga. Angelisema, wangekata keki, jioni grupu lingejaa pongezi, Mama Nguzo ingekufa kifo cha asili, na kwenye ubao nafasi ingejazwa. Na ngojamaliko kweli alikuwa palepale. Ungemwita hata mpika ndege? Ndege si yupo?

"Sina," Noelene akasema.

Glenys akageuka mwili mzima kitini. "Huna? Huyu hapa!" Akampitishia kamera katikati ya viti, ndege amejaa kwenye kioo, kavutwa karibu mpaka unahesabu manyoya. "Huyu hapa, kasimama hapo nje, sasa hivi, hajaondoka!"

Noelene akakiangalia kioo kwa pembeni. Akamwona. Wa kahawia, shingo nene, jicho la manjano lililokaa kama la mtu aliyeibiwa.

"Huyo ni wa kioo."

"Basi sema tu ninaye tukanywe chai! Nani atajua?"

"Mimi."

"Yaani wewe una shida gani? Mita hizi hizi! Hata kipofu angemwona!"

Likatoka, likakaa ndani ya gari. Noelene alikuwa anazungusha kifuniko cha lenzi mkononi.

"Ndiyo hivyo, basi," akasema.

"Ndiyo hivyo nini?"

"Ndiyo hivyo. La kushoto limekwisha. La kulia linafuata. Mpaka baridi."

Glenys akamwangalia.

"Tangu lini?"

"Mwaka juzi, la kwanza."

"Na gari lako?"

"Zima. Halina tatizo lolote."

"Halina tatizo." Glenys akageuka mbele. "Miezi yote nakuambia peleka kwa fundi, unaniambia nitapeleka."

"Ulikuwa unataka sana niende kwa fundi."

"Na ile nguzo."

"Nguzo niliiona vizuri sana, Glenys. Ilikuwa na mdomo."

Glenys alianza kucheka, akajizuia, ikamtoka kama mtu aliyepaliwa. Halafu hakucheka tena. Akashika usukani uliozimwa, akauachia. "Mimi ndiye niliyeiweka kwenye grupu," akasema.

"Najua. Nilikuwa nyuma yako pale pale tutani, nakuona unaandika."

Lingefuata neno gani hapo, haijulikani, kwa sababu ndipo pikipiki ya magurudumu manne ilipotokea nyuma ya tuta inanguruma kama inakuja kudai kitu. Aldo, kofia imefika masikioni, mkono mmoja hewani.

"Mama zangu! Mmemchukua kuku?"

"Zima!" Glenys akafoka kwa kunong'ona, kitu ambacho ni kigumu lakini yeye anakiweza. "Aldo, zima, wee mwanamume!"

Aldo akazima. Bata wote wa jaruba wakawa wameshaondoka. Glenys akarudi kwenye lenzi mbio mbio, akaenda kushoto, akarudi kulia, akainua kichwa, akarudi.

"Nimempoteza."

"Kaondoka?"

"Hajaruka, ningemwona. Amejifanya tete. Yupo humo humo, ila yupi ndiye?" Akapangusa kioo cha lenzi kwa ncha ya shati. "Na kiupepo nacho hiki!"

Upepo ulikuwa umeanza kweli. Mpunga wote unainama na kuinuka, matete yanayumba, jaruba zima linatembea bila kwenda popote. Aldo kakaa juu ya pikipiki yake, kakunja mikono, anawaangalia wale wanawake wawili kama anavyoangalia mvua isiyokuja.

Noelene akaweka kamera mapajani.

Kule Griffith kulikuwa na dada mmoja, kazi yake kuwafundisha watu wenye macho kama yale namna ya kumimina chai na kupanda ngazi. Yule dada alimwambia: ukitaka kukiona kitu, usikiangalie. Angalia kilicho pembeni yake. Kwa pembeni, jicho lako bado zima. Noelene alikuwa anafanya hivyo kwenye vikombe na funguo, ila kwenye ndege hapana. Ndege unamlenga. Maisha yake yote ya kamera ni kulenga, kuweka kitu katikati na kubonyeza.

Akaangalia tangi.

Tangi lenyewe, miguu ya chuma, kutu, bomba la maji lililotoboka linadondosha matone. Doa likakaa juu ya tangi, likalifuta katikati. Sawa, lilifute. Kushoto kwa tangi, kwenye ukingo wa jicho, matete yakaja. Si wazi sana, kama kitu unachokiona kupitia pazia la bafuni, lakini yote yapo na yote yanayumba.

Hakusogeza jicho. Lilikuwa linamwomba lisogee, jicho lina tabia hiyo, likihisi kitu linataka kukigeukia. Akalikatalia. Akahesabu mabati ya tangi.

Upepo ukakata. Mpunga ukasimama. Matete yakasimama.

Tete moja likaendelea kuyumba.

Kidogo tu. Kama mtu aliyefumba macho anacheza muziki, muziki umezimwa na yeye hajui. Kulia, kushoto, kulia. Halafu nalo likatulia, taratibu, kama limejishtukia.

"Ninaye," Noelene akasema.

Glenys akageuka, akaona Noelene anaangalia tangi. "Wapi? Unaangalia wapi?"

"Kushoto kwa tangi. Amehama. Yuko ndani kidogo, nyuma ya yale yaliyolala."

Lenzi ya Glenys ikaenda. "Sioni."

"Anashusha mdomo."

"Sioni, Noelene. Matete tu. Hebu elekeza vizuri, kuna nini mbele yake?"

"Sijui kuna nini mbele yake, mimi naangalia tangi. Anatembea. Anainua mguu, anauweka. Shingo yote ina michirizi." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma bei sokoni. "Glenys. Ana miguu ya kijani."

"Piga picha! Piga tu, haraka, elekeza huko ubonyeze, nitakutafutia baadaye!"

Noelene mkono wake ulikuwa juu ya kamera. Kuinyanyua maana yake ni kuweka jicho kwenye tundu. Kuweka jicho kwenye tundu maana yake ni kile kiboksi, na kiboksi maana yake ni doa, na ndege kwisha. Angebaki na picha. Ndege wa kioo, wa kwake mwenyewe.

Akaondoa mkono kwenye kamera, akaukalia.

Ngojamaliko akapiga mdomo majini mara moja, akainua. Kulikuwa na kitu kinaning'inia, mguu mmoja, unapigapiga hewa. Akameza. Shingo ikavimba, uvimbe ukashuka polepole kwenye ile michirizi mpaka ukapotea. Halafu akaingia kwenye mpunga, si kwa kukimbia, kama mtu anayeingia chumbani kwake na kurudishia mlango.

"Kaingia mpunga," Noelene akasema.

"Mimi sikumpata," Glenys akasema. "Mara hii ya pili, sikumpata kabisa." Akainua kichwa kutoka kwenye lenzi, kuna alama ya duara kuzunguka jicho. "Alikuwa anafanya nini?"

"Alikula chura. Mguu mmoja ulibaki nje kwanza."

"Chura wangu!" Aldo akasema toka kwenye pikipiki.

Sasa Noelene akanyanyua kamera, akaitoa dirishani, akaelekeza kwenye tangi, akabonyeza. Mara moja.

"Unapiga tangi?"

"Ndilo nililokuwa naliangalia."

Glenys akakitoa kifuko cha mchele dirishani. Akawasha gari, akalirudisha nyuma juu ya tuta, na wakati wote anarudi nyuma alikuwa anaangalia kioo cha pembeni, ingawa njia ilikuwa imenyooka. Nyumbani kwa Aldo walipewa kahawa nyeusi kwenye vikombe vidogo, na soseji kavu, na Aldo akala keki ya ndimu karibu yote huku akieleza kwa nini mwaka huu maji hayatoshi.

"Niwaambie wenzetu?" Glenys akauliza njiani kurudi. "Habari ya jicho."

"Nitasema mwenyewe."

Akasema, mkutano wa Februari, pale ukumbini, kabla ya chai. Alisimama akasema macho yake yanaondoka na kuanzia sasa atahitaji lifti, na asiyetaka gari lake linuke keki aseme mapema. Akakaa. Watu hawakujua waweke wapi mikono. Halafu akasimama tena, akaenda kwenye ubao, akapapasa msumari, akatundika picha yake kati ya ile ya Glenys na ya mfamasia.

Ilikuwa picha ya tangi. Tangi la maji la Aldo Ceravolo, limetoka vizuri, kutu yote inaonekana, matone yanadondoka. Chini kaandika: Ngojamaliko.

Watu wakasogea. Mmoja akavaa miwani, mwingine akavua. Mfamasia akaweka pua karibu igusane na kioo cha fremu.

"Mama Nguzo," akasema mwishowe, "ndege yuko wapi humu?"

"Kushoto kwa tangi. Nje ya picha."

Nyuma mtu akacheka, kile kicheko cha puani. Kicheko hakikupata mwenzake, kikafia njiani. Mfamasia akageuka kumtafuta Glenys, maana mwenyekiti ndiye mwenye kusema, na Glenys ndiye mtu aliyewahi kumbandulisha bwana mzima picha yake.

"Si mlikuwa pamoja? Ulimwona?"

Glenys alikuwa anakata keki. Akamaliza kipande.

"Mapema nilimwona. Mara hiyo anayoisema yeye, sina."

Mtu akaanza kusema kitu kuhusu mvua.

"Nimesema mimi sina," Glenys akasema, kisu bado mkononi. "Yeye anaye. Picha inabaki."

Ile habari ya mvua ikaishia hapo. Vikombe vikaanza kugongana. Mfamasia akabaki mbele ya ubao, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande mwingine, kisha akajaribu kuliangalia lile tangi kwa ukingo wa jicho, na alipoona watu wanamwona akaenda kuchukua chai. Kabla mkutano haujaisha walishambadilishia jina. Mama Tangi.

Noelene alikuwa amesimama mezani, ameelekeza uso kwenye birika kubwa la chai, kama mtu anayesubiri lichemke. Birika lilishachemka zamani. Kule pembeni, kwenye ukingo wa jicho, ubao ulikuwa unaonekana wote, na hauna nafasi tena.